Sura ya 6: Karo Lisilojaa

Kila masika inapokaribia, wenye nyumba wa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Sahare, huuliza swali moja: kama karo letu halijajaa kwa miaka 20, tulisumbue la nini? Anayeuliza huwa na fahari kidogo. Kwa jirani gari la kunyonya majitaka huja kila baada ya miaka michache na jirani hulipa, lakini yeye hajalipa hata senti, na maji ya chooni yanashuka vizuri kama siku fundi alipomkabidhi nyumba. Hajui karo lake lina urefu gani wala mfuniko uko upande gani wa ua, na hajaona sababu ya kujua.

Jibu la sura hii ni kwamba karo hilo ndilo la kwanza kufunguliwa. Karo linalofanya kazi yake lazima lijae. Lisilojaa linapeleka uchafu mahali pengine, na katika mji wenye ardhi kama ya Tanga, mahali hapo mara nyingi ni kisima cha mtu.

Kazi yake ni kuzuia

Karo ninalolizungumzia hapa ni tangi la chini ya ardhi lenye sakafu, kuta na mfuniko, linalopokea maji ya choo, bafu na jiko la nyumba moja. Pembeni yake huwa na shimo la kunyonyea. Hilo halina sakafu, na kazi yake ni kuyaachia ardhini maji yaliyokwisha kutuama karoni. Ni vitu viwili vyenye kazi zinazopingana, kimoja kinazuia na kingine kinaachia, na matatizo mengi huanza pale mwenye nyumba anapoamini ana vyote viwili ilhali fundi alimchimbia kimoja tu.

Maji ya chooni huingia karoni kwa bomba na kukuta utulivu. Vizito huzama na kuwa tope. Mafuta na sabuni hupanda juu na kufanya utando. Katikati hubaki maji ya kijivu, na hayo peke yake ndiyo yanayotakiwa kutoka. Ili yasiburute utando wala tope, bomba la kutokea hufungwa tii, yaani kiungo chenye umbo la herufi T, ambacho mguu wake huzama chini ya utando na kuishia mbali juu ya tope. Karo lililojengwa vizuri hugawanywa pia kwa ukuta wa kati, chumba cha kwanza kikichukua theluthi mbili ya urefu, ili kinachoponyoka humo kinaswe katika chumba cha pili. Maji yanahitaji kutulia siku nzima au zaidi. Yakipewa muda huo, yanatoka yakiwa bado machafu na yenye vijidudu, lakini yabisi zimebaki nyuma.

Yabisi zilizobaki huliwa na bakteria wasiohitaji hewa. Wanapozila hutoa gesi, mojawapo ikiwa methani, ileile inayowaka jikoni kwa wenye mtambo wa biogesi. Kule Hale, wilayani Korogwe, bakteria wa aina hiyo waliwekewa mabaki ya mkonge ili gesi yao izalishe umeme. Ni wafanyakazi hodari, lakini hawali kila kitu. Mchanga wa kusugulia sufuria, majivu, nywele, nyuzi za nguo, plastiki, na sehemu ya kinyesi chenyewe isiyooza, vyote hubaki chini, na kila mwaka vinaongezeka.

Imani kwamba karo humaliza lenyewe kila kinachoingia ina umri karibu sawa na karo. Mfaransa Jean-Louis Mouras alijenga tangi la namna hii huko Vesoul miaka ya 1860. Lilipofunguliwa baada ya miaka kadhaa, yabisi zilizokutwa zilikuwa chache kuliko ilivyotarajiwa, na alipolisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1881 lilitangazwa kuwa chombo kinachojisafisha. Mwaka 1895 Donald Cameron alijenga la kwake Exeter, Uingereza, na matumaini yakawa yaleyale. Miaka ya matumizi iliyofuata ndiyo iliyowasahihisha. Tope linapungua kwa kuliwa, haliishi.

Kwa ufupi: karo hutenganisha yabisi na maji, huzibakiza yabisi, na huziozesha kwa sehemu tu. Kinachobaki lazima kiondolewe na binadamu.

Hesabu ya tope

Kipimo kinachotumiwa sana na wahandisi wa maji ni kwamba mtu mmoja huacha karoni lita 30 hadi 40 za tope kwa mwaka, baada ya bakteria kula sehemu yao. Tuchukue karo la kawaida la nyumba ya familia, lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na kina cha maji cha mita 1.2. Linabeba lita 3,450 hivi. Kanuni ya matunzo husema karo linyonywe tope na utando vikifika theluthi ya kina, kwa sababu zaidi ya hapo nafasi ya maji kutulia inakuwa finyu. Theluthi ya karo letu ni lita 1,150. Familia ya watu 8, wakiacha lita 40 kila mmoja, huifikia baada ya miaka mitatu na nusu. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha kushoto na kulia kwa ukumbi, watu 20 wakitumia choo kimoja cha uani, huifikia kwa mwaka mmoja na nusu.

Sasa turudi kwa mwenye karo la miaka 20. Tumpe nafuu, tuhesabu kiwango cha chini cha lita 30. Watu 8 kwa miaka 20 ni lita 4,800 za tope, katika tangi la lita 3,450. Tope lenyewe peke yake limepita ukubwa wa tangi, na bado maji yanashuka vizuri. Limekwenda wapi? Njia ni mbili tu. Ama limesukumwa na maji kupitia bomba la kutokea likaingia shimo la kunyonyea, na hapo siku za shimo hilo zinahesabika kwa sababu tope huziba vitundu vya udongo. Ama limepita chini, kwa kuwa karo halina sakafu au sakafu yake imepasuka.

Kila anayepika wali wa nazi anaelewa hili bila kufundishwa. Kifumbu kikitoboka, machicha hayabaki ndani, yanaingia kwenye tui, na hakuna mpishi anayekisifu kifumbu hicho kwa sababu hakijai.

Ardhi ya Tanga haichuji sawasawa

Kuna anayesema: na lipite chini, ardhi itachuja. Hoja hiyo ina ukweli wake mahali penye mchanga mzuri na kina cha kutosha. Maji machafu yakipenya polepole kwenye mchanga mkavu, vijidudu hunaswa, hufa njaa au huliwa na vingine kabla ya kufika mbali. Ndiyo maana kanuni za ujenzi hutaja umbali kati ya shimo la majitaka na kisima, mita 15 kwa uchache na 30 kwa usalama zaidi, na hutaka chini ya shimo pabaki mita moja na nusu au mbili za udongo mkavu kabla ya kufikia maji ya ardhini.

Lakini vipimo hivyo vilitungwa kwa udongo. Mwamba wa chokaa na matumbawe ya kale, unaojitokeza sehemu nyingi za pwani hii, una nyufa na matundu, na maji yakipata ufa hayachujwi, yanatiririka. Anayetaka ushahidi aende Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji. Kumbi zile na vijia vile vilifanywa na maji yaliyoyeyusha mwamba wa chokaa kwa muda mrefu mno. Si lazima kuwe na pango chini ya nyumba yako. Ufa wa upana wa kidole unatosha kuunganisha choo na kisima kilicho nje ya mita 30. Karibu na bahari kuna jambo la ziada: maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa kufuata bahari, kwa hiyo shimo lililoonekana kavu wakati wa maji mafu linaweza kuwa limezama kwenye maji wakati wa bamvua.

Ndiyo maana shimo la mawe yaliyopangwa bila saruji, chini wazi, ambalo mafundi wengi wa pwani wamelijenga na kuliita karo, halijai. Siri yake ni mwamba.

Hoja inayofuata ni nzito zaidi. Mji una maji ya bomba kutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, chini ya Mamlaka ya Maji ya Tanga, na wengi hawanywi tena maji ya kisima. Basi kisima kikichafuka, nani ataumia? Ataumia anayeoshea vyombo maji yale siku bomba limekatika, anayesukutua kwa maji yale akitawadha, na mtoto anayeyanywa akioga bila mama yake kuona. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya nchi na Zanzibar pia. Maji yanayodhaniwa ni ya kufulia tu yanatosha kukibeba.

Tena madhara hayaishii kisimani. Mbu aitwaye kuleksi, tofauti na yule wa malaria, hupenda kutaga kwenye maji machafu yaliyotulia, na karo lenye mfuniko uliovunjika ni makazi yake bora. Huyo ndiye msambazaji mkubwa wa matende na mabusha katika miji ya pwani, maradhi ambayo mkoa wa Tanga unayafahamu kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga chembe nyepesi za polistirini kwenye vyoo na mashimo yenye maji. Zilielea zikafunika uso wa maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa hewa, na wakati huohuo wakazi wakapewa dawa ya vimelea. Karibu nusu ya watu walikuwa na vimelea damuni kabla ya kazi hiyo. Miaka mitano baadaye waliobaki navyo walikuwa wachache mno. Kijiji kingine kilichopewa dawa peke yake, mbu wakaachwa, vimelea vilianza kurudi. Mtu anayedhani mfuniko wa karo ni shauri la harufu tu aufikirie ushahidi huo.

Kulipima bila kuingia

Kabla ya chochote, onyo lisilo na nafuu: hakuna mtu wa kuingia ndani ya karo, hata lililonyonywa, hata kwa dakika moja, hata akiwa kijana mwenye nguvu aliyezoea kazi hiyo. Gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka yai viza, ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo harufu kupotea si dalili ya usalama. Mtu huzirai kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Methani nayo hulipuka ikikutana na moto, basi sigara, kibatari na kiberiti vikae mbali.

Kupima tope hufanywa kutoka juu:

1. Fungua mfuniko, uache hewa ipite kwa saa kadhaa, watoto wakiwa mbali.
2. Chukua fito ndefu iliyonyooka, uizungushie taulo kuukuu jeupe kwenye mita moja ya chini, ulifunge kwa kamba.
3. Itelemshe taratibu mpaka iguse chini, uisubirishe dakika chache, kisha uipandishe bila kuizungusha.
4. Pima sehemu ya taulo iliyoshika chembe nyeusi. Hicho ndicho kina cha tope. Alama ya maji juu ya fito ni kina chote.

Ikiwa tope limefika theluthi, ita gari. Ikiwa baada ya miaka 20 taulo linatoka na tope la vidole vitatu tu, hiyo si habari njema, ni uthibitisho wa kuvuja. Jaribio la kumaliza ubishi ni kulijaza karo mpaka usawa wa bomba la kutokea, kuacha kutumia choo usiku kucha, na kupima tena asubuhi. Maji yakishuka, karo lina tundu.

Kulifufua lililotelekezwa

Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, Januari na Februari au Agosti na Septemba. Karo tupu lililozungukwa na ardhi iliyojaa maji husukumwa na maji hayo kutoka nje, na kuta za matofali zinaweza kupasuka au tangi la plastiki kunyanyuka lote. Kuna pia wanaosubiri mvua kubwa ili watoboe ukuta na kuachia uchafu uende na mafuriko, kitendo ambacho Dar es Salaam hukiita kutapisha choo. Ni kuwapelekea majirani wa bondeni kinyesi milangoni, na haistahili kuelezwa kwa maneno laini zaidi.

Likishanyonywa, likaguliwe kwa tochi na kioo kilichofungwa kwenye mti, kutoka juu. Uharibifu wa kwanza huwa kwenye mfuniko na sehemu ya ukuta iliyo juu ya maji. Salfidi ya hidrojeni hupanda, ikakutana na unyevu chini ya zege, na bakteria wengine wakaigeuza asidi ya salfa. Asidi hiyo hula saruji. Zege lililoliwa huonekana jeupe na lenye kuchubuka, msumari huzama ndani yake kwa kusukumwa na kidole gumba, na ukiligonga kwa nyundo sauti hutoka butu. Nondo zikishaonekana, kutu ya hewa ya bahari humalizia, na kama fundi aliukoroga mchanga wa ufukweni wenye chumvi, nondo zilianza kuoza siku ya kwanza. Mfuniko wa namna hiyo hauzibwi kwa plasta. Unavunjwa na kumwagwa mpya, na mpaka hapo pazungushiwe uzio, kwa sababu watoto hutumbukia na kufa.

Tii iliyovunjika ni kazi ndogo ya fundi bomba na ndiyo yenye faida kubwa kuliko gharama yake. Bila mguu ule, utando wote huenda shimo la kunyonyea. Bomba la hewa liwekewe wavu wa mbu juu, na mfuniko uzibwe pembeni.

Sakafu isiyokuwepo ndiyo shida halisi. Jaribu la kumtelemsha kijana akamwage zege chini likataliwe kabisa. Ufumbuzi ulio salama, na mara nyingi ulio nafuu, ni kujenga karo jipya lenye sakafu na vyumba viwili kabla ya shimo la zamani, likapigwa plasta na niru ndani, likajaribiwa kwa maji kabla ya kufunikwa. Shimo la zamani likishanyonywa hubaki kuwa la kunyonyea, likipokea maji tu. Ikiwa chini yake kuna mwamba wa nyufa au maji ya ardhini yako karibu, lifukiwe, na badala yake ichimbwe mifereji mifupi ya kina cha chini ya mita moja, yenye kokoto na mabomba yaliyotobolewa, ili maji yapite kwenye udongo wa juu ambako viumbe wa kuyasafisha ni wengi. Mifereji hiyo ikae mbali na minazi, miembe na mikungu, ambayo mizizi yake hutafuta maji bila kuchoka.

Na zile dawa za kumimina? Hamira, sukari, mzoga wa kuku, unga wa pakiti unaouzwa sokoni: kinyesi kipya kina bakteria wa kutosha, na hakuna unga unaoozesha mchanga. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa, ambayo wengine humwaga kuua mbu, ni vibaya zaidi, kwani huwaua bakteria kisha huenda kisimani.

Kwa ufupi: nyonya kiangazi, kagua kutoka juu, badilisha tii na mfuniko, na kama hakuna sakafu jenga karo jipya mbele ya shimo la zamani.

Nani alipe

Pingamizi la mwisho ni la fedha, na ni la haki. Gari la kunyonya ni ghali kwa mtu mwenye kipato cha siku kwa siku, na nyumba nyingi Makorora au Msambweni zimepangishwa vyumba. Mpangaji husema karo ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba husema wanaojaza ni wapangaji. Kwa sheria, hasa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, afisa afya anaweza kumtaka mwenye jengo aondoe kero inayohatarisha afya, na kwa hiyo tangi, mfuniko na ukarabati ni wa mwenye nyumba. Kunyonya ni jambo jingine, maana tope huongezeka kwa idadi ya vichwa. Utaratibu unaofaa ni kugawa gharama ya safari moja ya gari kwa miezi inayotarajiwa, 18 kwa nyumba ya watu 20, na kuichanga pamoja na bili ya maji, mkononi mwa mtu anayeaminiwa na pande zote. Kwa kipimo hicho mzigo wa kila chumba kwa mwezi huwa mdogo. Kinachovunja watu ni kutakiwa fedha yote siku choo kimerudisha maji ukumbini, katikati ya Mei, gari lenyewe likiwa na foleni.

Nyumba zilizo ndani, ambako gari halifiki, hazina budi kuwaza mapema zaidi. Mfuniko wa kunyonyea uwekwe upande wa njia, ndani ya urefu wa mpira wa gari, wala usijengewe jiko wala banda la kuku juu yake. Pale ambapo hata mpira haufiki, kuna pampu za mkono zilizojaribiwa Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, zinazovuta tope kutoka juu na kulijaza kwenye madumu yaliyofungwa, yakasukumwa kwa mkokoteni hadi gari lilipo. Vikundi vya mtaa vinaweza kumiliki pampu moja kwa pamoja. Na tarehe ya kunyonya, pamoja na kina cha tope kilichopimwa, iandikwe kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa choo, mahali ambapo kila anayehamia na kila anayerithi nyumba ataiona.